Mji wa Kuta Ulio Mbali na Bahari: Simbamwene, Njia ya Kilosa na Ushahidi wa Maneno

1.0 Utangulizi

Mtu anapotajiwa mji wa kale uliozungushiwa ukuta, mawazo yake huelekea baharini. Msomi aliyetembea Ulaya hukumbuka Dubrovnik, mji wa pwani ya Adriatiki ambao kuta zake zina urefu wa mita 1,940 hivi, na ambao uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Msomi wa Kiswahili naye hukumbuka Gedi iliyo karibu na Malindi, yenye ukuta wa ndani na ukuta wa nje, au magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Katika mafikirio hayo ya kawaida, ukuta wa mawe, mlango wa nakshi na nyumba yenye baraza ni mali ya pwani. Bara ni mahali pa vijiji vya miti na udongo. Mgawanyo huo umeathiri kwa muda mrefu namna historia ya Waswahili inavyofundishwa, na umeathiri pia namna maneno ya Kiswahili yanavyotafutiwa asili.

Mhadhara huu unachunguza mfano mmoja unaopingana na mgawanyo huo. Huo ni mji wa Simbamwene, uliokuwa kando ya mto Ngerengere chini ya milima ya Uluguru, karibu na ilipo Morogoro ya leo, pamoja na njia ya misafara iliyotoka hapo kuvuka nyika ya Mkata, upande wa Mikumi, hadi Usagara katika wilaya ya Kilosa. Mji huo haukuacha maandishi yake wenyewe. Unajulikana kwa maelezo ya wageni waliopita, na kwa maneno na majina yaliyobaki. Swali linaloulizwa hapa ni hili: maelezo ya wageni hao yakipimwa kwa mizani ya lugha, yanatuambia nini kuhusu watu waliojenga kuta barani, na kwa nini mji wao ulisahauliwa upesi hivyo?

2.0 Mji Kama Ulivyoonekana na Mgeni

Maelezo marefu zaidi ya Simbamwene yametolewa na Henry Morton Stanley, aliyetoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kumtafuta David Livingstone na kupita hapo katika masika ya mwaka huo. Katika kitabu chake cha 1872, Stanley anaeleza kwamba mji ulikuwa na umbo la pembe nne, ukuta wa mawe wenye safu mbili za matundu ya kutolea mitutu ya bunduki, na mnara wa mawe katika kila pembe. Malango yalikuwa manne, kila moja likitazama upande wake wa dunia, nayo yalifungwa kwa milango mizito ya mbao iliyochongwa nakshi za Kiarabu. Nyumba ya mtawala ilikuwa na paa refu la mteremko na baraza mbele, mfano wa nyumba za pwani. Stanley anakadiria nyumba zipatazo 1,000, na watu kati ya 3,000 na 5,000. Anasema pia kwamba alikwishasafiri sana Uajemi, na kwamba nje ya miji mikubwa ya huko hakuona mji wenye ngome bora kuliko huo.

Kwa mujibu wa maelezo hayohayo, mji ulijengwa na Kisabengo, mtu wa nasaba ya kawaida, mwenye nguvu za mwili na ufasaha wa kusema. Alijikusanyia watumwa waliotoroka mabwana zao, wakamfanya kiongozi wao. Alipotafutwa na Sultani wa Zanzibar alikimbilia Ukami, akaishinda nchi, na Wakami wakamwachia bonde lenye rutuba la Ngerengere. Kufikia mwaka 1871 Kisabengo alikuwa amekwisha kufa, na mtawala alikuwa binti yake mkubwa.

Hapa pana jambo zito ambalo halifai kupitwa. Mji ulioanzishwa na watoro, yaani watu waliokimbia utumwa, uligeuka kuwa mji uliosifika kwa kuteka watu wa nchi jirani. Ukuta wake ulikuwa kinga ya wale waliokuwa ndani na tishio kwa waliokuwa nje. Historia ya kuta barani katika karne ya 19 haiwezi kutenganishwa na biashara ya watumwa na bunduki, na mtu anayetaka kuusifu mji huu kama fahari ya ujenzi wa Kiafrika hana budi kuyabeba yote mawili.

3.0 Kuyapima Maelezo

Maelezo ya Stanley yamerudiwa mara nyingi pasipo kupimwa. Anasema eneo la mji lilikuwa nusu maili ya mraba, sawa na kilometa za mraba 1.3 hivi. Ikiwa umbo lilikuwa mraba, basi kila upande ulikuwa na zaidi ya kilometa moja, na mzunguko wa ukuta ulikuwa kilometa 4.5. Huo ni zaidi ya mara mbili ya urefu wa kuta za Dubrovnik, mji uliojengewa kuta zake kwa karne kadhaa kwa fedha za biashara ya bahari. Gedi nayo, pamoja na ukuta wake wa nje, hukadiriwa kuwa na ekari 45 tu, wakati eneo analolitaja Stanley ni ekari 320. Ni vigumu kukubali kwamba mtawala mmoja, katika sehemu ya uhai wake, alizungushia ukuta wa mawe eneo mara saba ya Gedi. Aidha, Stanley anasema nyumba zilisongamana sana. Lakini nyumba 1,000 katika ekari 320 haziwezi kusongamana. Hesabu zake mbili hazipatani, na iliyo dhaifu ni ile ya eneo.

Hata hivyo, kupunguza ukubwa wa mji si kuukana mji wenyewe. Idadi ya malango, minara ya pembeni, safu za matundu na milango ya nakshi ni mambo yanayoonekana kwa macho ya mpita njia, wala hayahitaji kipimo. Linalohitaji tahadhari ni tafsiri aliyoyapa mambo hayo. Stanley aliita mtindo wa ngome hiyo wa Kiarabu na Kiajemi, akashuku kwamba milango ililetwa ubao mmoja mmoja kutoka Zanzibar au pwani. Lakini palepale anakiri kwamba kwa kuwa mawasiliano kati ya Bagamoyo na Simbamwene yalikuwa mengi, yumkini mafundi wa hapohapo ndio walioichonga. Waandishi waliomfuata wameshika dhana ya kwanza na kuiacha ya pili. Ndivyo ilivyotokea pwani pia, ambako kwa miaka mingi kila jiwe lilidhaniwa kuwa limewekwa na mgeni, hadi uchunguzi wa akiolojia katika mahali kama Shanga ulipoonyesha kwamba miji ya mawe ilikua hatua kwa hatua kutokana na vijiji vya miti na udongo vya wenyeji.

4.0 Jina la Mji na Jina la Mtu

Stanley anaandika jina la mji kwa n mbili, Simbamwenni, na kulifasiri kuwa mji wa simba, au mji wenye nguvu kuliko yote. Anaongeza kwamba Kisabengo aliupa mji jina hilo kwanza, kisha uzeeni akalichukua yeye mwenyewe, na alipokuwa akifa akamrithisha binti yake.

Umbo la jina halikubaliani na tafsiri hiyo. Ndani yake hamna neno lenye maana ya mji. Sehemu ya kwanza ni simba. Ya pili ni mwene, neno la lugha nyingi za Kibantu lenye maana ya mmiliki, bwana au mtawala. Ni shina lilelile linaloonekana katika Kiswahili mwenye na mwenyewe, na katika mwinyi, jina la heshima la majumbe na waungwana wa pwani ya Mrima. Simbamwene basi ni simba aliye bwana. Ni jina la sifa la mtu, si la mahali. Kawaida ya nchi hiyo nayo inaunga mkono jambo hilo. Wasafiri wa misafara walizoea kuita kijiji kwa jina la mkuu wake, na muundo huo ungalipo katika majina kama Kwamsisi na Kwamtoro. Kilichoelekea kutokea ni kwamba jina la cheo lilitoka kwa mtawala likauendea mji, kisha likapokewa na mrithi kama cheo kinavyopokewa. Mgeni, aliyezoea miji kuwa na majina yake na watu kuwa na yao, aliupindua mfuatano huo.

Urithi wa binti nao haukuwa ajabu kama wageni walivyoona. Waluguru, Wakaguru na Wasagara huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na katika jamii za namna hiyo mwanamke kushika jina la ukoo si jambo la kuhitaji maelezo.

5.0 Kutoka Ngerengere hadi Mkondoa

Msafara uliotoka Simbamwene kwenda magharibi uliingia katika nyika ya Mkata. Sehemu kubwa ya nyika hiyo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupewa jina la mikumi, miti ya jamii ya mivumo. Wakati wa kiangazi ni mbuga ya majani. Wakati wa masika hugeuka tope na maji. Stanley aliivuka katika masika, akapoteza wanyama wa mizigo na kuugua. Mwaka 1873 Verney Lovett Cameron alipita njia hiyohiyo, na katika safari yake mwenzake Robert Moffat, mpwa wa Livingstone, alikufa kwa homa kabla ya kuwafikia wenziwe.

Ng'ambo ya nyika, chini ya milima ya Usagara, palikuwa na Rehenneko, kijiji cha kwanza cha Usagara kwa msafiri atokaye pwani. Stanley anakieleza kuwa cha umbo la mraba, kilichozungushiwa ukuta mnene wa udongo, chenye nyumba za msonge na watu wapatao 1,000. Hapa ndipo Cameron alipowangojea wenziwe. Kwa hiyo Simbamwene haukuwa peke yake. Katika njia moja palikuwa na ngazi za ujenzi wa kinga: ukuta wa mawe, ukuta wa udongo, ua wa miti na miiba, na mbele zaidi, kuelekea Ugogo, tembe zilizoungana na kufunga uwanja katikati.

Kiswahili cha misafara kilikuwa na neno moja lililotosha ngazi hizo zote, nalo ni boma. Neno hili huelezwa mara kwa mara, hasa na waongozaji watalii, kuwa limeundwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yanayohusu utawala wa kikoloni. Maelezo hayo hayana msingi. Boma limo katika kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapishwa mwaka 1882, kabla Tanganyika haijawa chini ya Waingereza na hata kabla ya Wajerumani, likiwa na maana ya ua au ngome. Watawala wa kikoloni walipojenga vituo vyao, Kilosa ikiwa mojawapo, wenyeji waliviita kwa neno walilokwisha kuwa nalo. Maana ya boma kama ofisi ya serikali imezaliwa hapo. Kwa upande mwingine, maneno mengi ya ngome za pwani ni ya kukopa: husuni, buruji, handaki na mnara yametoka katika Kiarabu, na gereza limetoka katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Lakini ukuta, mlango, lango, mji na boma si ya kukopa. Msamiati wa mambo ya msingi ya mji wenye kinga ulikuwa mikononi mwa Wabantu. Kilichokopwa ni majina ya sehemu maalumu.

Majina ya mito nayo yanatunza habari. Ule unaoitwa leo Mkondoa, upitao Kilosa, uliandikwa na Richard Burton mwaka 1860 na na Stanley baada yake kuwa Mukondokwa. Umbo hilo lina kiambishi mu- kikamilifu, kama kinavyotamkwa katika lugha za milimani, ilhali Kiswahili hufupisha mu- kuwa m-. Vivyo hivyo Uluguru imeandikwa Uruguru, kwa kuwa masikio ya wageni hayakutofautisha l na r. Maandishi hayo yenye makosa ni hazina: yanaonyesha kwamba wakati huo majina yalisikika kwa matamshi ya wenyeji, kabla Kiswahili cha reli na cha ofisi hakijayanyoosha.

6.0 Hongo na Sultani

Ziara katika mji wa kuta ilikuwa na gharama. Binti Kisabengo alituma wajumbe kwa Stanley kudai hongo, naye akakataa kwa hoja kwamba msafara wake uliotangulia ulikwisha kulipa. Neno hongo wakati huo lilikuwa na maana ya ada halali anayotozwa mpita njia na mwenye nchi, ada iliyojulikana na pande zote, ingawa kiasi chake kiligombewa. Jamhuri ya Dubrovnik iliishi kwa miaka mingi kwa kumlipa sultani wa Uturuki kodi ya kila mwaka, na hakuna mwanahistoria anayeiita rushwa. Katika Kiswahili, hata hivyo, hongo limekuwa na maana ya rushwa. Mabadiliko hayo ya maana ni kumbukumbu ya kupotea kwa mamlaka: haki ya mwenye nchi ilipoondolewa, ada yake iligeuka kuwa kosa.

Neno la pili lina matokeo makubwa zaidi. Katika Kiswahili cha misafara, sultani alikuwa mkuu yeyote wa mahali aliyeweza kudai hongo, awe na mji wa mawe kama Simbamwene au kijiji kidogo. Tarehe 29 Novemba 1884 Carl Peters alitia saini na Mangungo wa Msowero, katika Kilosa ya leo, mkataba ulioandikwa kwa Kijerumani. Katika mkataba huo Mangungo anaitwa sultani, na anatajwa kuwa ameitoa nchi yake yote kwa chama cha Peters kwa ajili ya ukoloni. Siku chache baadaye mkataba wa namna hiyo ulifanywa na mkuu aliyeandikwa Muinin Sagara, jina ambalo si jingine ila Mwinyi Usagara. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi kwa nchi hizo, Usagara ikiwa mojawapo.

Neno sultani liliingia katika mkataba likiwa na maana ya njiani, likasomwa Berlin kwa maana ya sheria ya mataifa: mfalme mwenye uwezo wa kuhamisha nchi. Mkuu wa Msowero hakuwa na uwezo huo kwa desturi yoyote ya Usagara, ambako ardhi ilikuwa ya ukoo. Hadi leo Watanzania wanapojadili mikataba mibovu humtaja Mangungo kama mfano wa aliyeuza nchi bila kujua. Lawama hiyo inamwelemea mtu asiyeandika hati hiyo wala kuisoma. Mwanaisimu ana wajibu wa kuonyesha kwamba kosa lililokuwa kubwa zaidi lilikuwa katika tafsiri, na kwamba tafsiri hiyo ilimfaa aliyeifanya.

7.0 Ukuta na Maji

Kuta za Simbamwene hazikubomolewa na adui. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Zanzibar na pwani, na mvua zake zikaifurisha mito ya bara. Stanley aliporudi kutoka Ujiji majuma machache baadaye alikuta upande wote wa mbele wa ukuta umechukuliwa na maji pamoja na nyumba zipatazo 50, na mtawala amekimbia. Anaeleza kwamba Kisabengo alikuwa amechimba mfereji mrefu ili kuvuta tawi la Ngerengere karibu na mji wake, na kwamba mfereji huohuo ndio uliofungulia mafuriko njia. Baada ya hapo mto ulijifanyia mkondo mpya.

Habari hiyo si ya kale tu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika Kilosa, ukawaondoa maelfu ya watu katika nyumba zao na kuikata Reli ya Kati. Mji wa Kilosa, kama Simbamwene, uliwekwa kando ya mto kwa sababu njia ilipita hapo. Elimu ya wapi pa kujenga na wapi pa kuliachia maji ni sehemu ya historia ya miji, na mara nyingi imehifadhiwa katika majina ya mahali ambayo wapimaji ramani hawakuulizia maana zake.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba bara lilikuwa na miji na vijiji vya kuta vilivyofuata njia ya misafara. Kwamba mkubwa wao ulijengwa na kiongozi wa watoro kwa ujuzi uliochanganya ya pwani na ya bara. Na kwamba maelezo ya wageni, yakipimwa, yanabaki kuwa na thamani ingawa hesabu na tafsiri zake hazifai kuchukuliwa zilivyo. Imeonyeshwa pia kwamba maneno boma, mwene, hongo na sultani yametunza historia ambayo mawe hayakuweza kuitunza.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, Lamu tangu 2001 na Gedi tangu 2024. Zote ni za pwani. Kwa njia ya Kilosa kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa Kiswahili ni ya namna nyingine, nayo ni ya haraka zaidi: kukusanya majina ya vijito, vilima, mahame na makambi ya zamani kutoka kwa wazee wa Kisagara, Kividunda, Kikaguru na Kiluguru, pamoja na maana wanazoyapa. Treni ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 hupita Kilosa kwa mwendo ambao hauruhusu kuuliza jina la mto. Jina lisiloulizwa hupotea pamoja na mzee aliyelijua, na hapo hakuna kifusi kinachobaki cha kuchimbuliwa.